Huzuni Isiandikwe Katika Kitabu cha Makosa

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Gazeti letu la kila muhula kwa kawaida huwa na habari njema: nani ameshinda mbio za masafa marefu, chama cha mjadala kilikwenda wapi, shamba la shule limetoa magunia mangapi ya mahindi. Nami nazipenda habari hizo kama msomaji mwingine ye yote. Lakini safari hii nimemwomba Bwana Mhariri anipe nafasi kwa ajili ya jambo ambalo hatulitaji darasani wala katika mkutano wa asubuhi, ingawa kila mmoja wetu amepata kulisikia likinong'onwa bwenini baada ya taa kuzimwa. Jambo lenyewe ni vijana wanaochoka na maisha hata wakataka kuyakatisha.

Najua wako watakaosema kwamba haya si maneno ya kuandikwa mbele ya watoto. Nitawajibu baadaye. Kwanza yafaa tujue ukubwa wa jambo. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba katika mwaka wa 2021 watu zaidi ya 720,000 walijiua duniani, na kwamba kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29 hii ilikuwa sababu ya tatu ya vifo. Tena karibu robo tatu za vifo hivyo hutokea katika nchi zisizo tajiri, kama yetu, wala si Ulaya kama wengi wanavyodhani. Miaka 15 hadi 29! Hesabu hiyo imetuchukua sisi karibu wote tunaokaa madawatini, na kaka zetu na dada zetu waliokwisha kumaliza, na hata baadhi ya waalimu wetu vijana.

Sasa nataka kueleza habari ya sheria, maana ndiyo iliyonitia moyo wa kuandika. Mwaka wa 1930, wakati wa ukoloni, nchi yetu ilipewa Kanuni ya Adhabu iliyofuata mawazo ya sheria ya Kiingereza. Kifungu cha 226 cha kanuni hiyo kilisema kwamba mtu akijaribu kujiua ametenda kosa, na aliyeonekana na hatia aliweza kufungwa hadi miaka 2, au kutozwa faini, au vyote viwili. Waingereza wenyewe walilifuta kosa hilo kwao mwaka wa 1961. Sisi tulipata uhuru mwaka wa 1963, tukaendelea kulishika. Basi kwa muda wa zaidi ya miaka 90 mtu aliyeokolewa na jirani zake aliweza kutolewa kitandani hospitalini akapelekwa kituo cha polisi, kana kwamba ameiba ng'ombe. Ndipo tume ya haki za binadamu na chama cha madaktari wa maradhi ya akili wakalipeleka shauri hilo mahakamani, na tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akaamua kwamba kifungu hicho hakipatani na Katiba, kwa kuwa chamwadhibu mtu kwa jambo lililo la ugonjwa.

Nilipopata habari za hukumu hiyo nilifurahi, halafu nikajiuliza: ikiwa mahakama imeacha kumhesabu mtu huyu kuwa mkosaji, je, sisi shuleni tumeacha?

Kwetu hakuna kifungu cha 226, lakini tunacho kitabu cha makosa. Tuseme yuko mwanafunzi, tumwite Fulani. Muhula uliopita alikuwa mcheshi, winga wa timu ya pili, mtu wa kuimba akiwa bafuni. Muhula huu amebadilika. Kengele ya asubuhi hulia naye hujifunika blanketi. Chakula hukiacha nusu. Jioni wenzake wakijisomea, yeye huutazama ukurasa mmoja mpaka saa ya kulala. Sweta yake nzuri na kalamu zake amempa jirani yake wa kitanda, asema hana haja navyo tena. Kiranja wa bweni aona kwamba Fulani hakuamka, aandika: uvivu. Mwalimu wa zamu alisoma jina, ampa kipande cha ua la shule akikate. Mwalimu wa somo aona alama zimeshuka toka 70 hadi 30, aandika: hana bidii. Mwishowe barua yaenda nyumbani, na baba yake aja kwa matatu akiwa amepoteza kibarua cha siku mbili pamoja na nauli ya kuja na kurudi. Hasira zake mwaweza kuzikisia wenyewe. Hesabuni basi. Watu wanne wamemwona Fulani, na wote wanne walimwona sawasawa, kwani ni kweli hakuamka, na ni kweli alama zilishuka. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza, "Una nini, ndugu yangu?"

Sisemi kwamba kila asiyeamka ni mgonjwa. Wavivu wa kweli wapo, nami nawajua kwa majina, na ua la shule liwangoje. Ninalosema ni kwamba mvivu na mgonjwa hufanana ukiwatazama kwa mbali, na kitabu cha makosa hutazama kwa mbali daima. Kina nafasi ya jina, tarehe, kosa na adhabu. Hakina nafasi ya sababu.

Huzuni nzito kama ya Fulani watu wa hospitali huiita sonona. Si ile huzuni ya kufungwa mabao matatu, wala hata ile ya kufiwa, ambayo ni ya haki na hupungua siku zinavyopita. Sonona hukaa majuma mawili, mwezi, muhula mzima. Huondoa usingizi, au humfanya mtu alale mno. Huondoa ladha ya chakula na ya mchezo. Tena, na hili ndilo baya kupita yote, humshawishi mtu kwamba yeye ni mzigo kwa wale wanaompenda, na kwamba watapumua akiondoka. Uwongo huo husemwa na maradhi, naye hujiona kwamba ameufikiri mwenyewe. Kama malaria ilivyo na matibabu, sonona nayo ina matibabu: mara nyingi ni mazungumzo na mtu aliyefunzwa, pengine na dawa pia. Lakini mwenye malaria humpeleka mbio zahanati, na mwenye sonona humtania kwamba apelekwe Mathari. Hospitali hiyo ilianzishwa Nairobi mwaka wa 1910 ili iwatunze watu, nasi tumeligeuza jina lake kuwa tusi la uwanjani. Nani atakubali kusema anaumwa, ikiwa jina la mahali pa kutibiwa ndilo jina la kuchekwa?

Sasa niwageukie wenzangu wa bwenini, maana hapa ndipo penye shida kubwa. Sisi wanafunzi huwa wa kwanza kujua. Mwalimu humwona Fulani dakika arobaini. Sisi twalala naye chumba kimoja. Twasikia akisema, "Mtanikumbuka," au "Muhula ujao hamtanisumbukia," nasi twacheka kwa kuwa amesema kwa kucheka. Halafu usiku mmoja amwambia rafiki yake mmoja kila kitu, na kumwapisha asimwambie mtu. Rafiki huyo afanye nini? Sheria ya bweni, ambayo haikuandikwa po pote na ina nguvu kupita zote zilizoandikwa, yasema mchongezi hana rafiki. Ukipeleka habari kwa waalimu utaitwa msaliti mpaka siku ya kuondoka, tena sahani yako itapotea kila juma.

Kwa maoni yangu sheria hiyo ni njema katika mambo tisa na mbaya sana katika la kumi. Mwenzako akiruka ua kwenda kununua mandazi, nyamaza ukitaka. Mwenzako akikuambia kwamba hataki kuishi, siri hiyo si yako kuitunza. Usikubali kuapa. Ukiwa umekwisha kuapa, vunja kiapo. Atakukasirikia, pengine muhula mzima, lakini atakuwapo wa kukukasirikia. Tena usimwache peke yake uende kutafuta mwalimu. Mtume mwingine aende, wewe ukae naye, au nendeni pamoja, ukimshika mkono kama unavyomshika mtu mwenye homa.

Na kabla ya hapo, muulize. Usizunguke. Mwulize kwa maneno yaliyo wazi: "Je, umekuwa ukifikiri kujiua?" Hapa ndipo ninapowajibu wale niliowaahidi jibu. Wao waogopa kwamba tukilitaja neno tutalipanda kichwani mwa mtu. Ni hofu ya mapenzi, nami siicheki. Lakini wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu, katika vijana na wazee, wala hawakuona kwamba kuuliza humtia mtu wazo asilokuwa nalo. Aliye nalo huona afadhali kwamba hatimaye yuko mtu anayeweza kulisikia bila kukimbia. Lenye hatari ni kusimulia jinsi kifo kilivyotendeka, mahali gani, kwa kitu gani, pamoja na picha, kama magazeti mengine yafanyavyo ili yauzwe. Ndiyo maana katika kurasa hizi hamtaona jambo hilo hata kidogo.

Ukishamwuliza, sikiliza. Usimwambie ajikaze kiume. (Wasichana nao huambiwa jambo lao, kwamba wanajifanya ili watazamwe, na sijui lipi kati ya hayo mawili ni la kikatili zaidi.) Usimhesabie baraka zake. Usimwambie kwamba wengine wana shida kubwa kuliko yake, kwani hilo ajua, nalo limo katika aibu yake. Kumwombea ni kwema, nami ni mmoja wa wanaoomba. Ila mtu akivunjika mguu twamwombea tukiwa njiani kumpeleka hospitali.

Wazazi wetu, mtuwie radhi kwa haya machache. Tunajua karo zinatoka wapi. Tunajua ng'ombe aliyeuzwa na jina lake, na shamba lililowekwa rehani, na mama ambaye hajanunua kitambaa kipya tangu tuingie shule hii. Mnapotukumbusha mambo hayo siku ya kutembelewa, mwafikiri mnatutia bidii, na wengi wetu kweli hutiwa bidii. Lakini yule ambaye tayari anajiona mzigo husikia neno jingine: husikia bei yake. Alama zikishuka ghafula, tafadhali kabla ya kuuliza fedha zimekwenda wapi ulizeni mtoto amekwenda wapi. Na akirudi nyumbani likizoni akiwa katika hali hii, vitu vya hatari vilivyo nyumbani na shambani viwekwe chini ya kufuli, ufunguo akae nao mtu mzima. Saa mbaya mara nyingi ni fupi, na mtu akivushwa hapo aweza kupata msaada na kuishi miaka mingi.

Waalimu nao watasema, na kwa haki, kwamba kazi ni nyingi na madaktari wa maradhi haya ni wachache nchini. Mwalimu wetu wa ushauri nasaha hufundisha Hesabu kama waalimu wengine, na watu humwona kati ya kengele mbili. Lakini nimesoma habari za Zimbabwe, ambako uchache ulikuwa kama wetu au zaidi. Huko yuko daktari wa maradhi ya akili aitwaye Dixon Chibanda. Mgonjwa wake mmoja, mwanamke kijana, alishindwa kurudi hospitalini kwa kuwa alikosa nauli ya basi, akajiua. Daktari huyo akaona kwamba kungoja wagonjwa hospitalini hakutoshi. Mwaka wa 2006 akaanza kazi na akina nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Aliwafundisha jinsi ya kusikiliza na kumsaidia mtu ashike shida moja moja, wakakaa na watu kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, nao akina nyanya walitumia neno hilo hilo badala ya majina ya kitabuni. Mwaka wa 2016 matokeo yalichapishwa katika jarida kubwa la madaktari la Marekani: miezi sita baadaye waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache sana kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Tena si lazima twende Harare. Hapa kwetu Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, wanafunzi 413 wa sekondari wenye huzuni na wasiwasi waligawanywa katika makundi. Wengine walifundishwa mbinu za kusoma. Wengine walipewa mafunzo yaliyoitwa Shamiri, neno letu wenyewe, ya kuwaonyesha kwamba mtu aweza kubadilika, ya kushukuru, na ya kujua anachokithamini maishani. Yalikuwa ni mafunzo ya vipindi vinne tu, na walioyaongoza hawakuwa madaktari bali vijana waliokuwa wametoka sekondari karibuni. Waliopata mafunzo hayo walipona huzuni na wasiwasi zaidi ya wale wengine. Vipindi vinne! Sisi hutumia zaidi ya hivyo kujizoeza gwaride la siku ya michezo.

Wako watakaosema kwamba tukifungua mlango huu, wajanja watajifanya wagonjwa ili wakwepe mitihani. Pengine wawili watatu watafanya hivyo. Mwalimu akidanganywa na mmoja wao atakuwa amepoteza jioni moja. Naona hiyo si bei kubwa nikiilinganisha na ile nyingine.

Basi naomba nini? Kwa heshima zote naomba kwamba mwalimu wa ushauri nasaha asiwe mmoja wa kamati ya nidhamu, maana mwanafunzi hawezi kumfungulia moyo asubuhi mtu atakayemhukumu jioni. Na mwalimu huyo apunguziwe vipindi ili awe na saa inayojulikana, na chumba chenye mlango. Naomba viranja wafundishwe kuuliza kabla ya kuandika. Mwanafunzi aliyejaribu kujidhuru, au aliyesema kwamba anataka, asifukuzwe shule wala kurudishwa nyumbani peke yake na barua mfukoni. Apelekwe hospitali akiwa na mtu mzima, na akirudi kitanda chake akikute mahali pake. Mkifanya hayo, sheria ya bweni itavunjika yenyewe. Sisi hunyamaza kwa sababu tunajua habari ikifika ofisini inageuka kuwa kesi. Siku tutakapoona Fulani mmoja amepelekwa ofisini akarudi ametulia, bila adhabu na bila kutangazwa mkutanoni, tutaleta habari wenyewe.

Nawe unayesoma huku ukijua kwamba ni wewe ninayekusema: mwambie mtu mmoja leo, kabla ya kengele ya kulala. Si lazima uwe na maneno mazuri. "Siko sawa, nahitaji msaada" yatosha. Akikupuuza, mwambie wa pili. Uzito ulio nao umepata kubebwa na watu wengi wanaoishi leo, wanaofundisha, wanaolima, wanaonyonyesha watoto, na waliupata msaada kwa kusema.

Limebaki jambo la simu. Iko namba 116 ya kuwasaidia watoto, na iko 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Zote mbili hupigwa bila malipo. Lakini sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu, na sipingi amri hiyo. Ila kutubandikia namba ukutani na kutunyima simu ni kama kumpa mtu ufunguo wa nyumba iliyo ng'ambo ya mto bila kumpa mtumbwi. Iwekwe simu moja ya bei ndogo katika chumba cha muuguzi, na mwanafunzi ye yote akiiomba apewe, mchana au usiku, bila kuulizwa ni ya nini. Muuguzi akae karibu, ila mlango urudishwe mtu anapozungumza. Na pale mezani pasiwekwe kitabu cha kuandika majina ya waliokuja kuitumia.